Thumni ya Siku

Mwalimu Saltanat alikuja na mkate na kisu,
mkate wa tanuri, mviringo, ungali na joto chini ya koti lake,
akauweka mezani juu ya rejista.
Tulikuwa saba, darasa la nne, juu kabisa ya mto Naryn,
na jiko la makaa lilikuwa limetuvuta sote upande mmoja wa chumba
kama mizani iliyoelemewa.

"Huu ni mzima," alisema. "Moja."
Akainua kisu.
"Mwalimu!"
Sote, kwa sauti ya bibi zetu.
Maana kwetu mkate hauguswi na chuma,
mkate humegwa,
wala haulazwi kifudifudi
hata kwa njaa ya kukusahaulisha jina lako.

Akacheka. Kisu akakirudisha mkobani.
Akamega: nusu.
Nusu ya nusu: robo.
Nusu ya robo, na hapo ukoko ukaikataa hesabu,
kipande kimoja kikatoka kama kisigino,
kingine kama sikio.
"Hii ni thumni."
Emilbek akapima chake kwa cha jirani:
"Yangu ni thumni na deni."

Tukala. Kipande cha nane kikabaki mezani, cha mwalimu.

Kisha tukatundika blanketi dirishani.
Taa ikawashwa, ikaitwa Jua bila kuulizwa.
Kila mmoja tufaha lake juu ya penseli:
kichwa chako ni Dunia, geuka.
Nikaipa taa uso: tufaha likazama gizani.
Nikaipa mgongo, nikaliinua juu ya nywele: likawaka lote.
Nikaipa bega: upande mweupe, upande mweusi,
na ubaoni pameandikwa *robo ya kwanza*.

"Mwalimu, hii ni nusu. Naiona, nusu."
"Unaona nusu. Umetembea robo.
Jina ni la safari, si la sura."

Begaiym, mwenzangu wa dawati, hakugeuka.
Aliling'ata tufaha mara moja, akalitazama.
"Mkate ulioumwa mara moja tu," akauliza,
"umebaki sehemu gani?"
"Umeumwa na nani?"
"Na baba."

Hakuna aliyecheka.
Kwetu anayesafiri huuma mkate mlangoni
na uliobaki hutundikwa ukutani
mpaka arudi aumalize.
Baba yake alikuwa Moscow, akipanga matofali,
majira ya baridi ya pili.

Mwalimu alitafuta chaki mfukoni kwa muda mrefu,
na chaki ilikuwa mkononi.
"Inategemea kinywa," alisema.
Kisha: "Huko ni saa ngapi sasa?"

Begaiym hakuhitaji saa.
"Unatoa tatu. Kila mara unatoa tatu."
Tatu kati ya ishirini na nne:
akaliandika, juu na chini akagawanya kwa tatu,
chaki ikalia.
Moja juu. Nane chini.
"Thumni," alisema Begaiym, polepole,
kama mtu aliyepewa chenji asiyoitarajia.
"Yuko mbali thumni ya siku."

Mwalimu akakisogeza kile kipande kuelekea kwake.
"Hapana," alisema. "Wake anao."

Niliuona baadaye, nilipopeleka maziwa kwao:
umening'inia msumarini ndani ya kitambaa,
mgumu kama kwato,
na alama za meno zimesimama wazi,
pamoja na pengo, pale baba yake alipokosa jino.
Nje mwezi ulijaa, ukaliwa, ukajaa tena.
Ule wa ukutani haukuongezeka hata chembe.
Najua. Nilikuwa nikiangalia kila nikipeleka maziwa.

Mtihani wa Machi ulituuliza nusu ya robo ni nini.
Sote saba tulipata.
Ila kwenye karatasi ya Begaiym, pembeni,
kwa penseli hafifu ambayo mwalimu hakuifuta wala kuisahihisha,
palikuwa na mstari mmoja zaidi:
*hapa saa nne, huko bado saa moja.*